Vifaa vya pikoboli kwa viwanja vyetu: jinsi ya kuchagua mpira, raketi na viatu kulingana na uwanja na kiwango chako

Mtu akianza pikoboli, swali lake la kwanza huwa ni raketi ipi anunue. Swali hilo linakuja mapema mno. Raketi ya dola 200 haimsaidii mtu anayecheza kwenye saruji yenye vumbi, upepo wa bahari ukivuma, huku mpira alio nao ni wa ukumbini na miguuni kavaa raba za kukimbilia. Anza na uwanja, kwa sababu uwanja ndio unaochagua mpira. Mpira nao ndio unaoamua raketi gani itakutii. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na umeandikwa kwa wanaocheza nje, kwenye viwanja vya tenisi, vya kikapu au vya shule vilivyochorwa mistari upya, iwe ni Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar au huko juu Nairobi, Arusha, Kampala na Kigali.

Kwa ambaye bado hajaushika mchezo: pikoboli ilianzia kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, mwaka 1965. Huchezwa kwenye uwanja wa mita 13.41 kwa 6.10, ukubwa ule ule wa uwanja wa vinyoya (badminton) wa wachezaji wanne. Raketi yake haina nyuzi. Ni ubao mgumu na mwepesi. Mpira ni wa plastiki wenye matundu. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita 2.13 linaloitwa jikoni, na ukiwa umesimama humo huruhusiwi kuupiga mpira ambao haujadunda. Kwa sababu ya eneo hilo, nusu ya mchezo ni mipigo laini inayotua karibu na wavu, wala si mabavu. Kumbuka hilo utakapofika dukani.

Hatua ya 1: Kagua uwanja kabla ya kutoa hela

Nenda na mpira mmoja mpya, futi ya fundi na kitambaa chepesi. Kanuni zinasema mpira ukidondoshwa kutoka sentimita 198 juu ya bamba la jiwe la matale unapaswa kurudi juu sentimita 76 hadi 86. Uwanja wenu si bamba la matale, kwa hiyo usizitafute namba hizo hizo. Unachotafuta ni usawa. Simamisha futi kwenye nguzo au mti mrefu, dondosha mpira sehemu tano: katikati, jikoni pande zote mbili, na kwenye mistari ya nyuma. Kama sehemu moja inarudisha sentimita 72 na nyingine 58, hapo pana ufa, mchanga, au rangi iliyobanduka na kuvimba. Weka alama kwa chaki na uwaambie wenye uwanja, maana hakuna raketi inayorekebisha hilo.

Kisha pitisha kiganja sakafuni. Saruji ikikwaruza ngozi, itakwaruza mpira na soli vilevile. Mpango wako wa matumizi uwe na mipira mingi ya bei ya kati kuliko michache ya bei kali. Ikiwa laini kama terazo, mpira utateleza na kudunda chini, na ukitokwa jasho au umande ukishuka utaanguka. Udongo na murram sahau kabisa: mpira huu ni mwepesi na hauna hewa iliyoshindiliwa ndani, ukitua kwenye udongo unalala. Watu wengi hudhani wamenunua mpira mbovu, kumbe ni ardhi.

Upepo upime kwa kitambaa. Funga utepe wa nusu mita juu ya nguzo ya wavu. Ukicheza pwani unaijua kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi inayoanza baada ya hapo, lakini kinachomsumbua mchezaji kila siku ni upepo wa bahari wa alasiri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwanja ule ule unaweza kuwa shwari kabisa. Kama mnacheza asubuhi tu, chagueni vifaa vya asubuhi, msinunue kwa kuogopa upepo wa saa tisa ambao hamkutani nao.

Mwinuko nao una yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Mpira wa pikoboli una matundu, kwa hiyo mwinuko hauongezi mdundo wake kama unavyofanya kwa mpira wa tenisi. Kinachobadilika ni safari ya hewani: upinzani unapungua, mpira unafika haraka na unatua mbali zaidi. Spini, yaani mzunguko unaoupa mpira ukiupiga, nayo haiushushi mpira kwa nguvu ile ile, kwa sababu inategemea hewa ya kuukamata. Mchezaji aliyezoea Mombasa akifika Nairobi hupiga mipira mingi nje ya mstari wa nyuma, na kosa haliko mkononi mwake peke yake.

Hatua ya 2: Mpira

Mpira halali huwa na uzito wa gramu 22.1 hadi 26.5, kipenyo cha milimita 73 hadi 75.5, na matundu kati ya 26 na 40. Ndani ya mipaka hiyo kuna familia mbili. Ya ukumbini ina matundu 26 makubwa, plastiki laini, sauti ndogo. Ya nje kwa kawaida ina matundu 40 madogo, ngumu zaidi, na inakaribia gramu 26. Ile ya ukumbini ukiitoa nje, upepo mdogo tu unaupeleka uwanja wa jirani. Ile ya nje ukiiingiza kwenye ukumbi wa sakafu ya mbao inakwenda kasi mno kwa wanaojifunza. Kosa la kawaida la ununuzi wa kwanza ndilo hili, hasa ukiagiza mtandaoni kwa kuangalia picha tu. Hesabu matundu.

Kwenye familia ya nje, majina mawili utakayokutana nayo sana ni Franklin X-40 na Dura Fast 40. Dura ni ngumu, ina kasi, na hupasuka mapema. X-40 ni laini kidogo, inavumilia zaidi, lakini kadiri inavyochezewa inazidi kulegea. Kwa saruji yetu inayokwaruza na kwa wachezaji wa kawaida, tunaipendekeza X-40 au nyingine ya ulaini huo. Anayejiandaa na mashindano afanye mazoezi kwa mpira utakaotumika kwenye mashindano hayo, uwe upi.

Joto linaulainisha mpira, baridi inaufanya kuwa mkavu na kupasuka. Mjini Dar mchana tatizo ni la kwanza: mpira ulioachwa juani kando ya uwanja au ndani ya gari lililofungwa unalegea, unapoteza mdundo, na unakuwa na umbo la yai. Upime hivi: uzungushe juu ya meza bapa kama pia. Mzima unazunguka umetulia. Wenye umbo la yai unayumba na kurukaruka. Beba mipira kwenye mfuko wa kitambaa kivulini, na ubadilishe baada ya michezo miwili, ule wa kwanza upumzike.

Mpasuko huanzia kwenye ukingo wa tundu au kwenye kiungo cha nusu mbili za mpira, kwa ile iliyounganishwa. Mara nyingi utausikia kabla hujauona, sauti inageuka kuwa ya kopo. Ubonyeze kwa vidole gumba viwili huku ukiugeuza, na ufa utafunguka. Mpira wenye ufa usiendelee nao hata kwa mazoezi, kwani unapinda hewani na kukufundisha kurekebisha makosa ambayo si yako.

Rangi si pambo. Kwenye uwanja wa kijani au wa buluu, njano kali inaonekana vizuri. Mahali ambapo nyuma ya uwanja ni udongo mwekundu au ukuta wa matofali ya kuchoma, chungwa hupotea machoni. Baki na njano au kijani kibichi kinachong'aa. Kwa kikundi cha watu wanne wanaocheza mara tatu kwa wiki kwenye saruji ya kukwaruza, anzeni na mipira 12. Mkianza na mitatu, mtajikuta mkicheza na mibovu kwa kuona uchungu wa kuitupa.

Hatua ya 3: Raketi

Kipimo halali ni hiki: urefu na upana vikijumlishwa visizidi sentimita 60.96, na urefu peke yake usizidi 43.18. Uzito hauna kikomo. Umbo la kawaida ni sentimita 40.6 kwa 20.3. Umbo refu ni karibu 41.9 kwa 19.1, linafika mbali na kupiga kwa nguvu, lakini sehemu yake tamu, yaani pale mpira unapotoka vizuri zaidi, ni nyembamba, ukikosea kidogo mpira unakufa. Anayejifunza achukue umbo la kawaida.

Uzito tuugawe mara tatu. Chini ya gramu 207 ni nyepesi: mkono unawahi kwenye mapambano ya karibu na wavu, ila mpira unaokuja kwa kasi ya upepo unaisukuma raketi nyuma. Gramu 210 hadi 235 ni ya kati, na wachezaji wengi wabaki hapa. Zaidi ya gramu 238 ni nzito: imetulia, inapiga kwa nguvu, na inachosha kiwiko na bega. Mwenye historia ya maumivu ya kiwiko asikimbilie nyepesi kabisa kwa kudhani ndiyo salama. Nyepesi inatetemeka zaidi mpira ukigonga pembeni, na mtetemo huo ndio unaosafiri hadi kwenye kiwiko. Gramu 215 hadi 225 yenye kiini kinene (tabaka la katikati ya raketi) ni salama zaidi.

Kiini karibu chote siku hizi ni cha plastiki ya polipropilini iliyopangwa kama sega la nyuki. Unene ndio wa kuuliza. Milimita 16 inameza kasi ya mpira na kukupa utulivu jikoni; 13 au 14 inaurudisha mpira kwa haraka, inapendeza kwa anayeshambulia, na inamwadhibu asiye na mkono laini. Hapa mwinuko unaingia tena. Kwa Nairobi, ambako mpira wenyewe tayari unakimbia, milimita 16 ndiyo chaguo letu hata kwa wachezaji wa kati. Kwa pwani yenye upepo, 14 inakubalika kwa mwenye kiwango, kwa kuwa akicheza kuelekea upepo unakotoka anahitaji msukumo.

Uso: faibaglasi inasukuma mpira kwa nguvu na bei yake ni nafuu. Kaboni yenye mkwaruzo hushika mpira na kuupa spini, na nguvu yake ni ya kadiri. Grafiti laini iko katikati, ina hisia nzuri, spini kidogo. Kwenye viwanja vyenye vumbi jihadhari na jambo ambalo wauzaji hawalitaji: mkwaruzo wa kaboni hujaa vumbi na mabaki ya plastiki ya mpira, na baada ya wiki chache raketi ya bei kubwa inacheza kama ya kawaida. Inasafishika, tutafika huko, ila kama hutaki usumbufu huo usilipie spini ambayo huitumii.

Sasa mshiko, sehemu ambayo watu huipita haraka kuliko zote ilhali ndiyo inayoleta majeraha. Fungua kiganja cha mkono unaochezea, weka rula kuanzia mstari wa katikati wa kiganja hadi ncha ya kidole cha pete. Urefu huo ndio mzingo wa mshiko unaokufaa; kwa kawaida ni sentimita 10.2 hadi 11.4. Thibitisha kwa kuishika raketi na kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia bila kusukuma na bila nafasi kubwa, umepata. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, kwa sababu kwenye joto letu lazima uongeze utepe wa juu wa kunyonya jasho, na utepe unaongeza unene. Mshiko mkubwa huwezi kuupunguza.

Tepe ziko za aina mbili: zinazonata na kavu. Mtu wa pwani mwenye mikono ya jasho achukue kavu, kwa mfano Tourna Grip ya buluu, ambayo hushika vizuri zaidi ikilowa. Inayonata ni tamu dakika kumi za kwanza, kisha inakuwa utelezi. Zungusha kuanzia chini kwenye kitako kwenda juu, ukipandisha kila mzunguko juu ya mwingine kwa milimita 2 hivi, na uvute kiasi. Ukivuta kupita kiasi unaipunguza nguvu ya kunyonya na inachanika upesi. Ikianza kutoa nyuzi au kung'aa, ibadilishe.

*Kwa kiwango chako*

Aliyeanza, ambaye bado mipira mitatu kati ya kumi inaingia wavuni: umbo la kawaida, gramu 215 hadi 230, milimita 16, uso wa faibaglasi au grafiti. Raketi za dola 40 hadi 70 zinatosha kabisa, mradi kiini ni cha polipropilini. Zile seti za raketi mbili na mipira minne za bei ya chini sana mara nyingi ni za mbao nzito au plastiki tupu. Soma maelezo, usidanganywe na mfuko mzuri.

Wa kati, anayeweza kuuweka mpira jikoni kwa makusudi mara kadhaa mfululizo na sasa anataka spini: kaboni yenye mkwaruzo, milimita 16, dola 80 hadi 150. Huu ndio ununuzi wenye faida kubwa kuliko wote, kwa sababu mkono umeshajua unachotaka. Anayetoka tenisi na kupiga kwa mikono miwili atafute mshiko wa urefu wa sentimita 14 au zaidi. Wa sentimita 11.5 mkono wake wa pili utakosa pa kukaa.

Aliyebobea anajua anachokosa, na mara nyingi kinapatikana kwa utepe wa risasi au wa tungsteni badala ya raketi mpya. Gramu 3 kila upande, katikati ya kingo za kulia na kushoto, zinapunguza kujipinda kwa raketi mpira ukigonga pembeni. Ukiweka juu kichwani unaongeza nguvu na kupunguza wepesi wa mkono. Ongeza gramu moja au mbili kwa wakati, cheza siku mbili, ndipo uongeze tena. Kama unaingia mashindano rasmi, hakikisha kwanza modeli yako imo kwenye orodha ya raketi zilizoidhinishwa na USA Pickleball au chombo kinachoendesha mashindano hayo.

*Kama bajeti ni ya shule*

Shule au kituo cha vijana chenye watoto 30 hakihitaji kuagiza chochote ng'ambo. Raketi za kwanza kutengenezwa kwa ajili ya mchezo huu zilikatwa kwenye plaiwudi, na fundi seremala yeyote anaziweza. Tumia plaiwudi ya milimita 6, si 9; ya 9 itakupa raketi ya karibu gramu 300 na zaidi, na mtoto wa darasa la tano ataumia kifundo cha mkono. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande hadi 36 vya sentimita 40 kwa 20, msumeno ukiwa mwembamba na fundi akipima vizuri.

Chora kichwa cha sentimita 26 kwa 20 chenye kona za mviringo, na mkia wa sentimita 14 kwa 3. Nyuzi za tabaka la juu zielekee urefu wa raketi. Zikienda kwa upana, mkia utavunjika shingoni wiki ya kwanza. Kwenye kona mbili za chini kutabaki vipande vya chakavu. Kata humo vijiti viwili vya sentimita 12 kwa 3, vigundishe kwa gundi ya mbao pande mbili za mkia, bana kwa klempu usiku mzima. Piga msasa namba 120 kisha 220, zungushia kona za mkia ziwe duara, paka vanishi mikono miwili kwenye kingo hasa, maana unyevu huingilia hapo na kutenganisha matabaka. Viringisha utepe wa mshiko, na toboa tundu dogo kitakoni kwa kamba ya kuvaa mkononi. Itatoka gramu 240 hivi. Inatetemeka kuliko ya sega la nyuki na sehemu yake tamu ni ndogo, lakini kwa kujifunza kuanzisha mchezo na kupiga mipigo laini inatosha.

*Ukaguzi kabla ya kulipa*

Iwe mpya au ya mkononi, fanya haya. Gonga uso mzima kwa kifundo cha kidole, sentimita chache chache, pande zote mbili. Sauti iwe moja. Panapotoa mlio mzito uliokufa, kiini kimebonyea. Panapolia wazi na kwa sauti kubwa kuliko kwingine, uso umebanduka kutoka kwenye kiini. Raketi hiyo itapiga mpira kwa nguvu isiyo ya kawaida kwa muda, kisha itakufa, na kwenye mashindano hairuhusiwi. Bonyeza katikati kwa vidole gumba kutoka pande mbili. Ukisikia mlio mdogo wa kupasuka, iache. Itikise karibu na sikio: kinachochezacheza ndani huenda ni punje ya gundi, au ni mshiko ulioachia. Mwisho tazama shingo, pale mkia unapokutana na kichwa, kwa mwanga wa pembeni ili ufa wa unywele uonekane.

Bandia zipo nyingi kwa modeli zinazopendwa. Bei iliyo nusu ya bei ya kiwandani, maandishi yanayofutika kwa kucha, na uzito unaotofautiana sana na ulioandikwa ni dalili tatu zinazotosha. Nenda na mizani ndogo ya jikoni. Ukiagiza kutoka nje, piga hesabu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania na Uganda kabla ya kufurahia bei ya mtandaoni. Mara nyingi kuagiza pamoja watu sita kunashusha gharama ya usafirishaji kwa kila mmoja.

Hatua ya 4: Viatu, kabla ya raketi ya pili

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu baada ya raketi ya kwanza, nunua viatu. Pikoboli ni mchezo wa kusogea ubavuni na kusimama ghafla. Raba za kukimbilia zina kisigino kirefu na laini kilichotengenezwa kwa kwenda mbele. Ukisukuma ubavuni, mguu unapinduka juu ya soli na kifundo kinateguka.

Tafuta viatu vya tenisi au vya vinyoya. Kwa saruji chukua vya tenisi, vyenye mpira mgumu chini na mistari ya zigizagi. Kwa ukumbi wa mbao chukua soli laini isiyoacha alama. Kwenye mitumba vinapatikana vizuri tu, ukivikagua. Shika kisigino na ncha, pinda: kiatu kikunjike kwenye vidole, si katikati ya wayo. Kisokote kama unakamua nguo, kigome. Kisha tazama sifongo lililo kati ya soli na ngozi. Bonyeza kwa kidole gumba: likibaki limebonyea, au lina mikunjo mingi midogo, limekufa. Likiwa gumu na kutoa unga ukilikwaruza kwa kucha, plastiki yake imeoza kwa unyevu wa miaka ghalani na soli itaachia katikati ya mchezo, hata kama juu kiatu kinaonekana kipya.

Vumbi juu ya saruji ni hatari kuliko maji kwa kuwa haliogopwi. Fagio la chelewa liwe sehemu ya vifaa vya klabu, na uwanja ufagiliwe kabla ya kila kipindi. Pamoja nalo, miwani ya polikabonati. Jikoni mpira hupigwa kutoka umbali wa mita nne na kitu, na jicho haliwahi kufumba. Miwani ya jua ya kawaida ya kioo haifai. Ikipasuka inaongeza madhara.

Hatua ya 5: Wavu na mistari

Wavu uwe sentimita 91.4 juu ya mistari ya pembeni na 86.4 katikati. Wavu wa tenisi ni 91.4 katikati na 107 nguzoni, kwa hiyo mkiuazima kazeni mkanda wa katikati ushuke hadi 86.4 na mkubali kwamba pembeni utakuwa juu kidogo. Wavu wa kubebeka uwe na fremu ya alumini au chuma kilichopakwa zinki. Pwani, chuma cha rangi tupu huanza kutu kwenye viungo ndani ya msimu mmoja. Baada ya kuchezea karibu na bahari kifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Siku za upepo weka mfuko wa mchanga wa kilo 5 kwenye kila mguu.

Kwa mistari tumieni tepe ya sentimita 5 au chaki kabla ya kufikiria rangi. Pimeni mstatili wa 13.41 kwa 6.10, kisha pimeni kona hadi kona: mishazari yote miwili itoe mita 14.73. Ikitofautiana, uwanja umepinda, sogezeni kona moja hadi zilingane. Kutoka wavuni pimeni 2.13 kila upande, huo ni mstari wa jikoni. Sehemu iliyobaki ya mita 4.57 igawanyeni katikati kwa urefu. Acheni nafasi ya kukimbilia: eneo zima lisipungue mita 9.14 kwa 18.29, ukipima ukuta hadi ukuta. Uwanja wa kikapu wa shule una nafasi ya kutosha kwa mmoja hata miwili.

Hatua ya 6: Utunzaji

Usiiache raketi ndani ya gari. Joto la buti lililofungwa mchana hulegeza gundi kati ya uso na kiini, na kubanduka kwingi kunaanzia hapo, wala si kwenye kupiga. Uso wa kaboni upanguse kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kucheza, na mara moja kwa wiki usugue kwa kifutio cha mpira kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Utaona chembe za njano za mpira zikitoka. Usitumie msasa wala steliwaya, kwani vinabadilisha mkwaruzo na raketi inakuwa si halali. Faibaglasi na grafiti zinatosheka na kitambaa tu.

Ukingo wa plastiki ukiachia kwa kugonga saruji, kausha, paka gundi ya epoksi kidogo, ubane kwa tepe ya karatasi saa 24. Gonga uso wa raketi kila mwezi kama ulivyofanya dukani. Ukinunua mpya, fanya ukaguzi huo siku ile ile unapoifungua, upige picha ya namba ya raketi na risiti, na uiweke stakabadhi hiyo hadi muda wa dhamana uishe.